Mwaka Niliomshika Mize Mikono

Mwezi uliopita, jua halijapanda, spika ya msikiti wa mtaa wetu hapa Konde ilitangaza hivi: "Tunatangaza kifo cha bubu wa Bi Riziki. Maziko baada ya sala ya adhuhuri." Bi Riziki ni mimi. Bubu wa Bi Riziki! Kama unavyosema mbuzi wa Bi Riziki, au baiskeli ya Bi Riziki iliyoibiwa. Maiti ilikuwa mbele yangu, nimeshaifumba macho, nimeshaifunika, na bado sijalia. Nikavaa buibui langu nikaenda hadi mlango wa msikiti, nikasimama nje pale penye viatu. Kijana aliyetangaza akatoka, mtoto mzuri tu, mama yake hununua kanga dukani kwangu. "Shikamoo Bibi. Pole na msiba." Nikamwambia sikuja kupewa pole, yule ana jina. "Tunalijua, Bibi, lakini watu wengi wanamfahamu kwa lile. Ukitaja Mize watauliza Mize yupi." "Waulize! Na wewe uwajibu, binti Hamad. Umetangaza wafu wangapi hapa? Umewahi kusema kafariki chongo wa fulani, kafariki kigugumizi wa fulani?" Akatazama viatu. "Rudi ndani ukarudie." Akarudi, nikaisikia spika inakoroma. "Marekebisho. Aliyefariki ni Mize binti Hamad." Kisha, kwa kutaka kuwasaidia watu, akaongeza: "Yule bubu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Hasira hii ninayo tangu nina miaka kumi na sita na haijapungua hata kidogo. Skuli mimi nilifika darasa la tatu. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono yangu: nimelima mwani mpaka magoti yakafa ganzi, nimetembeza kanga kichwani kijiji kwa kijiji, leo nina duka langu na nyumba ya matofali, na sijampigia mtu magoti. Kwa hiyo sitapamba maneno. Nani kamzaa nani, na ukoo gani umetoka wapi, wakaulizwe wenye kupenda nasaba. Mimi nataka kusema mwaka mmoja tu, ule nilioshiriki kumziba mdomo mtu ambaye mdomo wake ulikuwa mikononi. Ninaowasema wengi wamekufa, Mungu awarehemu. Kufa hakumfanyi mtu kuwa alitenda sawa.

Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi, na mwaka wa karafuu nyingi Pemba ni mwaka wa harusi nyingi. Kijijini kwetu Msuka, wasichana tulikuwa tunakaa ukumbini kwa Bi Chumu, mama yake Mize, tukisuka ukili wa mikeka. Ukumbi wenyewe mwembamba, sakafu ya udongo, mlango wa mbele unaingiza mwanga na wa nyuma unaingiza moshi wa jikoni. Mize alikuwa akikaa mlangoni penye mwanga, kwa sababu anayesikia kwa macho hawezi kukaa gizani. Hata hilo tu watu hawakulijua. Bi Chumu kila akipita humsukuma kwa mguu: "Sogea huko, watuzibia." Naye Mize husogea, akatulia kidogo, akarudi. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja, mrefu, kidimbwi shavu la kushoto, na vidole vyake vilikuwa vikisuka mkeka ambao hadi leo sijaona mwenziwe. Sikumbuki nilijifunza lini kusema naye. Nilikaa naye nikajua, kama unavyoijua njia ya kisimani. Kila mtu kijijini alikuwa na jina lake la mikono, Mize mwenyewe ndiye anayewapa. Baba yake, Mzee Hamad, alikuwa kuvuta ncha ya sikio. Bi Chumu alikuwa kupepeta. Mimi nilikuwa kidole kinachopita juu ya nyusi, kwa sababu ya kovu la mchi nililonalo hapo. Yeye mwenyewe alijigusa kidimbwi. Na neno lake kubwa, alilokuwa nalo tangu mtoto mdogo, lilikuwa sitaki: kukung'uta viganja mara mbili, kama mtu aliyemaliza kukanda unga.

Kusema kwa mikono kuna taabu yake kwa mtu msuka mikeka. Wenzetu walikuwa wanasuka huku wanasengenya, kazi na ulimi vinakwenda pamoja. Mimi na Mize tukitaka kusengenya lazima ukili uwekwe chini. "Nyie wawili mwaiba kazi," Bi Chumu akisema. "Wee Riziki, una ulimi mzima kakupa Mungu, hujifanya bubu kwa nini? Utapatwa." Wenzangu wakicheka. Na jambo hili nataka lieleweke: ukumbini mle yote yalikuwa yakisemwa mbele ya Mize kama inavyosemwa mbele ya paka. Siri za waume zao, matumbo yao, nani kapeleka nini kwa mganga. Mize anatazama nyuso, kisha ananigeukia: wanasema nini? Na mimi nilikuwa namchagulia. Wakisema, "Huyu nani atamtaka, labda kipofu, watakamilishana," mimi namwambia wanasema mvua itachelewa. Nilijiona mwema. Miaka mingi baadaye aliniambia alikuwa anajua kila nilipomdanganya, kwa sababu watu hawacheki namna ile kwa habari ya mvua.

Posa ilitoka Micheweni, kwa Mzee Makame, mtu mzima aliyezika wake wawili. Mimi niliisikia kabla ya mwenyewe mwari, nilipopita penye benchi la kahawa nimebeba ndoo. Wanaume wanne wamekaa, Makame katikati anachokoa meno. "Makame, we hodari," mmoja akamwambia. "Sisi twatafuta dawa ya maneno ya wanawake, wewe umepata nke kaja na dawa yake." Mwingine akasema, "Atakuuliza vipi ulikuwa wapi?" Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Makame akatoa kijiti mdomoni: "Nke apike, afue, afunge mdomo. Huyu Mungu keshanifungia." Nikapita na ndoo yangu. Nilitakiwa niwamwagie. Mpaka leo nikipita pale, ingawa benchi halipo tena na pamejengwa kibanda cha kuuza vocha, mkono huniwasha.

Mize hakuambiwa na mtu. Alianza kujua siku Bi Time, kungwi wa kijiji, alipokuja na msio na liwa kumsinga, kumsugua mwili kama anavyosuguliwa mwari. Akanitazama: kuna nini? Safari hii sikumdanganya. Nikamwonesha bibi harusi, nikamwonesha yeye, nikamwonesha mtu anachokoa meno. Akacheka, akadhani mzaha. Nikarudia. Akasimama, liwa usoni nusu imekauka, akaenda jikoni kwa mama yake akakung'uta viganja mara mbili, kwa nguvu hata vikalia. Sasa, kumnyamazisha Mize kulikuwa rahisi kuliko kumnyamazisha mtu yeyote duniani. Unampa mgongo tu. Bi Chumu akampa mgongo, akaendelea kupepeta mchele. Mize akazunguka mbele yake, akakung'uta tena. Bi Chumu akageuka tena. Walizunguka hivyo, mama na mwana, huku na huku, ungesema wanacheza ngoma, mpaka mimi nikapaza sauti: "Bi Chumu, Mize kasema hataki."

"Kasema?" Ungo ukasimama. "Kasema kwa mdomo gani?"

"Kwa mikono, Bi Chumu."

"Mikono ni ya kupikia. Ukinitafsiria tena ntoto wangu, Riziki, ntakukata hiyo yako." Kisha akakaa kitako juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi na uso ukambadilika, akasema polepole, si kwangu, labda kwa mchele: "Mimi nikifa nani atamtazama? Sema wewe mwenye kujua. Nani?" Jibu nilikuwa mimi, lakini nilikuwa na miaka kumi na sita na sikujua kwamba mtu anaweza kuwa jibu.

Siku ya harusi walipika boko boko. Tangu asubuhi ngano inasongwa, nyama imepotelea humo, samli inaelea juu, na moshi wa udi chumbani ulikuwa mzito hata macho yakitoka machozi kwa watu wasiolia. Lazima nieleze ada yetu kwa wasioijua. Kabla ya ndoa kufungwa, Shehe na mashahidi huja hadi mlango wa chumba cha mwari. Pazia limeshushwa. Shehe anamwuliza mwari, yeye nje, mwari ndani na wanawake: unaridhia uozwe kwa fulani? Mwari ambaye hajawahi kuolewa akinyamaza, kunyamaza kwake kunahesabiwa ndiyo, maana haya inamzuia kutamka. Wengine huulizwa mara tatu. Ni ada nzuri kwa mwenye sauti, maana asiyetaka anaweza kupiga ukelele, na nimeshuhudia mmoja alipiga, harusi ikavunjika, boko boko likaliwa na majirani. Lakini Shehe Nassor alitoka hapa Konde, hamjui Mize, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba mwari hasikii wala hasemi. Mzee Hamad hakumwambia. Mashahidi wawili, wote watu wa benchi la kahawa, hawakumwambia. Na ndani ya pazia, Mize alipoona kivuli cha kilemba kinasimama mlangoni, akaelewa. Akainua viganja. Bi Time akaona, akanigeukia haraka: "Riziki, wewe ndiye shoga yake. Nshike mikono asije akajifunua."

Nikamshika. Mimi. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenilazimisha. Niliambiwa mbele za wanawake wazima kwamba mimi ndiye shoga wa bibi harusi, na nikaona fahari. Nilimshika viganja vyote viwili, vina hina mbichi bado, baridi, na nje Shehe akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mize binti Hamad, umeridhia nikuoze kwa Makame?" Mikono yake ikajikung'uta ndani ya mikono yangu. Nikaisikia. Sitaki. Akauliza mara ya pili. Mikono ikajikung'uta, kucha zikanichoma. Mara ya tatu ikatulia, na Mize akanitazama machoni, akangoja. Alikuwa ananingoja mimi. Kufumbua mdomo tu, neno moja, pazia lenyewe la kanga, sauti ingepita. Nikainamisha uso. Bi Chumu akakohoa. Nje shahidi mmoja akasema, "Kanyamaza, Shehe." Shehe akasema, "Alhamdulillahi, karidhia." Vigelegele vikapigwa. Mikono yangu ilipotoka ilikuwa imepata hina yake, alama za vidole, na ilikaa wiki tatu haijafutika, kila nikila wali naiona.

Akapelekwa Micheweni. Nilimwona mara moja tu kabla ya mambo kupasuka, kwenye maulidi, amekaa nyuma, hakuniita kwa nyusi yangu. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyewahi kumjua. Miezi ikapita, mpunga ukashika punje, nami nikawa shambani asubuhi natisha ndege, nikamwona anakuja njia ya Konde peke yake, miguu imechanwa na mawe, maana nchi yote ile ni mawe tupu. Hakunisalimu. Alikaa chini, akafungua pindo la kanga yake, akamimina vijiwe. Vijiwe vya kawaida, vingine vidogo kama kunde, vingine sawa na yai la njiwa. Nikamuuliza hivi nini? Akaonesha mtu anachokoa meno, akaokota kimoja, akajirushia mgongoni. Akageuka, kama mtu aliyeitwa: nini? Akaonesha chai. Akaokota kingine, akajirushia kichwani. Akageuka: nini? Akaonesha maji ya kuoga. Ndivyo Makame alivyomwita mkewe. Hakuinuka kumgusa bega, hakupunga mkono, hakugonga sakafu asikie kwa miguu kama sisi sote tulivyojua kufanya. Alikaa na vijiwe kando yake kibarazani, na kila akimtaka anamrushia. Mize akavua kanga ya juu akanionesha mgongo. Sitauandika mgongo ule.

Kisha akanigusa mdomo wangu kwa kidole, akajigusa kifua. Sikuhitaji kuelezwa. Mdomo huu sasa ni wangu.

Tuliwaacha ndege waule mpunga, tukaenda Konde kwa miguu hadi nyumbani kwa Shehe Nassor. Mkewe alitupokea uani, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, akatupa muhogo wa nazi na papa, na nakumbuka kwamba alipotaka kumwongeza Mize alimgusa mkono kwanza, akamwonesha kijiko, akainua nyusi: bado? Kitu kidogo kile. Mize akaanza kulia pale pale, muhogo mdomoni. Hakuwa amelia njiani wala shambani, akalia kwa sababu ya kijiko. Shehe alipokuja nilisema yote, hata la kumshika mikono, nikamwonesha viganja vyangu kama kwamba hina bado iko. Alinisikiliza bila kunikata. Mwisho akasema, "Ijumaa baada ya alasiri. Nitawaita wote." Akaenda zake, na mkewe akasema, "Leo hatakula huyo."

Ijumaa barza ya Shehe ilijaa. Mzee Hamad, Makame, mashahidi wawili, wazee wa huku na huku. Bi Chumu alikaa uani na kina mama, kanga kaivuta hadi puani. Makame alianza yeye: "Shehe, hiki kitoto Riziki kinatunga. Bubu hupunga mikono tu kama nti kwenye upepo. Nani anajua kasema nini?" Wakaguna kukubali. Shehe akamwuliza Bi Chumu kupitia mlangoni kama yeye, mama, anafahamu mikono ya mwanawe. "Mimi sifahamu," Bi Chumu akasema. Alikuwa anafahamu. Alizunguka naye jikoni, nilimwona. Neno lile nimemsamehe mara nyingi na kila mara linarudi.

Shehe hakubishana. Alinituma jikoni kwa mkewe, mlango ukafungwa. Nilipoitwa tena, Shehe akamwashiria Mize: mwambie uliyoyaona. Mikono ya Mize ikaanza, na mimi nikasema kwa sauti, neno baada ya neno: "Anasema Shehe kavua tasbihi shingoni, kaificha ndani ya kiatu cha mzee wa tatu kutoka mlangoni. Kisha kaghairi, kaitoa, kaitia mfuko wa kanzu, wa kushoto." Shehe akaingiza mkono mfuko wa kushoto, akatoa tasbihi. Lakini Mize alikuwa bado hajamaliza. "Na anasema," nikaendelea, nikaona haya lakini nikasema, maana nilishaapa sitamchagulia tena, "anasema kiatu kile cha mzee kimetoboka chini, na kwao wana ng'ombe wanne, asione haya kununua kingine." Barza ikapasuka kwa kicheko, mzee mwenyewe akaficha mguu. Mize akawatazama wanavyocheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake watu kucheka kwa alilolisema yeye. Kisha akafungua pindo la kanga, akamimina vijiwe juu ya mkeka wa Shehe, akaokota kimoja akakishika kuelekea kwa Makame, kama anayemwita. Kicheko kikakatika.

"Nani," Shehe akasema, na sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha, "nani aliyeniambia siku ile kwamba mwari hasikii?"

Mzee Hamad akajikaza. "Hukuuliza, Shehe."

"Nimeuliza mara tatu! Kumbe nimeuliza pazia! Ishara ya bubu ikishafahamika ni maneno yake, haina tofauti na ulimi wako wewe. Hilo nimelisoma kabla hujaota ndevu. Mmemfunga mtu mikono, mkaniletea mimi kimya chake nikifungie ndoa." Akamgeukia Makame. "Na wewe. Punda wako unamwita kwa mawe?"

Makame akainuka kuvaa viatu, kakasirika hadi shingo imemvimba. "Sikutaka aibu hii mimi. Nimemwacha! Nimemwacha Mize, mchukueni bubu wenu." Akaondoka. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, hapa hapa, nataka muione. Mtu yule neno moja lilimtosha, kalitamka amegeuka, anatafuta kiatu. Mize ilimbidi alete mikono, mgongo, miguu yenye damu, mawe ndani ya kanga, na mtu wa kumsemea, ndipo asadikiwe nusu. Na neno lenyewe lililomfungua hakulisikia. Watu wote barzani wanajua kaachwa, yeye hajui. Alinigeukia, nyusi juu: kasema nini?

Hatukuwa na ishara ya talaka. Hatukuwahi kuihitaji. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika viganja vyote viwili kama nilivyomshika siku ile ndani ya pazia, nikavikaza. Uso wake ukaogopa. Kisha nikaviachia, nikafungua mikono yangu wazi, nikarudi nyuma. Akaangalia mikono yake. Akaangalia mlango aliotokea Makame. Akanipitishia kidole juu ya nyusi yangu, jina langu, mara ya kwanza tangu harusi.

Msuka walinipa jina la mvunja ndoa, na hakuna mama aliyetaka mwanawe anioe, nami sikuwalilia. Mize alikaa na mimi tangu mwaka ule mpaka mwezi uliopita. Mwani tumelima pamoja, kanga tumeuza pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua rangi, na wanunuzi waliodhani hasikii walikuwa wakisema ukweli wa bei mbele yake kwa nyuso zao. Uzeeni mwetu walikuja watu wa semina ya lugha ya alama. Mmoja, mwenye masikio mazima na beji shingoni, alimtazama Mize anavyosema, akaniambia kwa huruma: "Hizi si lugha, Mama, ni ishara za nyumbani tu. Tutamfundisha iliyo sahihi." Nilimtoa nje. Lakini alikuwemo pia mwalimu wao kijana, msichana ambaye mwenyewe ni kiziwi. Huyo alirudi peke yake jioni, akakaa na Mize mlangoni penye mwanga, akamwuliza ishara moja moja, naye akampa za kwake, na akamweleza kwamba wao hujiita viziwi, kwamba wako wengi, wana skuli, wanaoana, wanagombana, wana chama kabisa. Mize akanigeukia akanipiga kofi la bega. Ulijua? Sikujua. Amekaa umri wote akidhani yuko peke yake duniani, na bado aliweza kusimama mbele ya barza nzima.

Basi siku ile ya msiba, baada ya kutoka msikitini, tulimwosha. Chumba chake, pazia limeshushwa, udi unafuka, maji ya karafuu maiti. Waosha maiti walikuwa watatu, na mkubwa wao, Bi Fatma, mtu mwema ambaye ningependa anioshe na mimi, alikuwa anaharakia adhuhuri. Sanda ikatandikwa. Mikono ya Mize ilikuwa inateleza pembeni, haitaki kukaa. Bi Fatma akasema bila kunitazama, amejiinamia kwenye kamba: "Bi Riziki, wewe ndiye shoga yake. Nshike mikono tufunge."

Niliitazama ile mikono hata akainua kichwa. Kisha nikaishika, yote miwili, nikaikaza kidogo. Nikaiachia. Nikafungua yangu wazi, nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Bi Riziki, haijakaa bado," akasema Bi Fatma.

"Ifunge ilivyo," nikamwambia. "Huyo nimeshamwambia."